Kitanda cha Chini, Upande wa Mto

Tehran, 12 Bahman 1372

Esmat, mdogo wangu,

Salamu nyingi, na kabla hujaendelea, kaa chini, maana barua hii haisomwi mtu akiwa amesimama.

Juzi tumesoma hitima ya mwaka ya Haji Qodrat wangu. Watu walikula, wakalia, wakala tena, wakaenda zao. Jana Bibi Gowhar wa orofa ya chini akapanda na kitambaa cha buluu mkononi, akanivua nguo nyeusi kama desturi ilivyo, akasema, "Basi, Mahlaqa, umeshamlilia vya kutosha, sasa jililie mwenyewe." Nimejitazama kwenye kioo. Miaka sitini na moja, magoti yanalia kama mlango mbovu, na hakuna tena wa kunikataza. Nikasema, nakwenda Ahvaz.

Unamjua marehemu. Miaka kumi na tatu, tangu tulipokimbia vita, kila nikiutaja mji wetu anageukia ukutani. "Nimeuacha, na wewe uuache." Mume mwema, Mungu amrehemu, lakini kwa hilo alikuwa jiwe. Hata Mama alipofariki hakuniacha nije, eti njia ni hatari. Nililia hapa, jikoni, peke yangu, na wewe ukamzika peke yako. Hilo silisahau.

Sasa sikia mpango. Nakuja kwa treni, basi sipandi. Nataka ile ya jioni, ili kukipambazuka niwe milimani na niyahesabu mahandaki. Unakumbuka? Kila kiangazi, pasi ya reli ya Baba ya mwaka, sisi wawili pua zimeganda dirishani, naye, mgeuza reli mzima, amekaa nyuma yetu na kofia yake ya kazi, anasema atakayepata hesabu kamili atakula tende za mfuko wake wa kulia. Mimi nilipata mia moja na kumi na tisa. Wewe ulipata mia moja na kumi na nne, kwa sababu ulisinzia mdomo wazi. Baba akacheka, akatugawia sote tende, na hesabu ya kweli akaenda nayo kaburini.

Nataka chumba cha wanawake, kitanda cha chini, dirishani, upande wa mto. Nitafika mwisho wa Esfand, siku mbili kabla ya Mwaka Mpya, na nitakaa mpaka siku ya kumi na tatu ya sikukuu ipite. Nitalala chumba changu cha buluu. Asubuhi tutakunywa chai chini ya mkunazi, miguu ndani ya hodhi. Mkunazi umezaa mwaka huu? Niandikie.

Dada yako,
Mahlaqa


Ahvaz, 20 Bahman

Dada Mahlaqa,

Barua yako imenikuta darasani. Nimeisoma nyuma ya daftari la mahudhurio, na wanafunzi wakaniona nacheka, kisha wakaniona nafuta macho. Sasa shule nzima inasema Mwalimu Esmat kachumbiwa. Na miaka hii hamsini na tatu!

Buluu itakupendeza. Umefanya vizuri kuvua nyeusi.

Lakini dada, treni ya Mwaka Mpya? Nimemuuliza mtu wa stesheni, anasema tiketi ziliisha kabla hazijaanza kuuzwa. Na vumbi la mwaka huu, jua lenyewe tunalitafuta. Halafu nyumba. Nimeanza usafi wa mwaka, mazulia yote yako nje, na fundi ameng'oa sakafu ya chumba chako cha buluu kutafuta bomba linalovuja. Ameng'oa, akaenda kwao. Nikulaze wapi?

Mkunazi, usiniulize! Umezaa mpaka matawi yanachovya majini. Watoto wa jirani wanarusha mawe, na mimi nawafokea kwa sauti ya Mama. Hodhi nimelipaka chokaa.

Tena kuna adabu. Tangu lini mkubwa akamwendea mdogo Mwaka Mpya? Watu watanila nyama. Kaa kwako, utie samovari ya chai moto. Mimi ndiye nitakayekuja Tehran kukubusu mikono.

Barua tuma shuleni kama kawaida. Mtaani kwetu tarishi bado anapotea.

Mdogo wako,
Esmat


Tehran, 27 Bahman

Esmat,

Usinichekeshe, mwenzangu. Tiketi zimeisha? Mkwe wa Bibi Gowhar ana rafiki kwenye dirisha la tiketi pale stesheni. Nimepeleka kitambulisho changu na sahani ya halua, nimerudi na tiketi. Tarehe 27 Esfand, jioni. Kitanda cha chini. Dirisha sijahakikishiwa, lakini atakayekaa dirishani nitamlisha mpaka anipishe.

Nimeshaanza kupanga chakula. Kababu za viazi na nyama, zile bapa, ishirini. Mayai ya kukaanga na majani, sinia zima. Mkate, jibini, jozi, matango, chupa mbili za chai. Bibi Gowhar ananiuliza kama nasafiri mimi au kikosi. Nikamwambia, wewe hukulelewa na mtu wa reli. Sisi kwetu anayefungua kifurushi peke yake ndani ya behewa hana kwao. Tukisimama Qom nitanunua sohani dirishani, ile halua ngumu yenye pistachio, japo meno yako nayajua. Utainyonya.

Adabu umenifundisha vizuri, mwalimu. Mdogo humwendea mkubwa, kweli. Lakini binti huenda kwa wazazi wake, awe mkubwa awe mdogo, na nyumba ya wazazi ni hiyo unayoishi wewe. Mimi siji kwako. Nakuja kwa Baba na Mama.

Fundi asipomaliza nitalala juu ya mabomba. Niambie jambo moja: kile kioo chekundu kwenye dirisha la ngazi, kilichokuwa kikinipaka rangi mashavu asubuhi, bado kizima? Usiku nafumba macho nakiona.

Mahlaqa


Ahvaz, 4 Esfand

Dada,

Kioo kizima. Chekundu vilevile.

Nimekata tiketi ya kuja Tehran tarehe 27, siku ileile ya kwako. Ukipanda wewe tutapishana njiani, kila mmoja atagonga mlango uliofungwa. Kwa hiyo rudisha ya kwako. Tafadhali. Nakuja na tende, nakuja na samaki wa kukaanga, nitakupikia mchuzi wa ukwaju humohumo jikoni kwako mpaka majirani walalamike. Tutahesabu mahandaki kwenye ramani.

Nakuomba, dada. Mwaka huu usije. Njoo mwakani.

Esmat


Tehran, 9 Esfand

Esmat,

Nimesoma barua yako mara nne. Ya kwanza nilicheka. Ya nne sikucheka.

Kwanza tiketi, kisha vumbi, kisha fundi, kisha adabu, sasa unanikimbilia njiani ili nisifike. Mimi si mtoto. Mtu asiyetaka mgeni hujulikana, hata akimpaka asali. Unataka niseme mimi? Haya, nasema.

Hujanisamehe. Nilipanda treni na mume wangu wiki ya pili ya vita, nikakuachia Mama kwa sababu Mama alikataa kutoka, na wewe hukuwa na mume wa kukuambia twende. Ukabaki na mabomu na mwanamke mzee. Ukamuuguza, ukamfunga kidevu, ukamzika, na dada yako mkubwa akatuma barua. Una haki. Mimi ningekuwa wewe nisingejifungulia mlango. Lakini ungeniambia usoni, Esmat, si kwa habari za mabomba.

Jumamosi nitarudisha tiketi. Na wewe usije. Ukija nitakuwa nimekwenda kwa Bibi Gowhar.

Mahlaqa binti Mirza Safar


Ahvaz, 14 Esfand

Dada Mahlaqa,

Usirudishe tiketi. Nakuapia kwa kaburi la Mama, kama hujairudisha, usiirudishe, na kama umeirudisha kalie mlangoni kwa yule rafiki mpaka akupe nyingine. Kisha soma barua hii mpaka mwisho, na baada ya hapo uamue kama utakuja.

Nyumba haipo.

Hakuna fundi, hakuna bomba. Hakuna kioo chekundu. Nyumba ya Baba ilipigwa bomu mwezi wa Azar wa mwaka uleule mlioondoka, miezi miwili tu baada yenu, saa moja asubuhi. Mimi na Mama tulikuwa kwenye foleni ya mkate. Tuliporudi na mikate yetu mikononi, ukuta wa barabarani ulikuwa umesimama na mlango wake, umefungwa vizuri kabisa, na nyuma ya mlango mbingu. Mama akaufungua kwa ufunguo. Sijui kwa nini. Akatoa ufunguo mfukoni, akafungua, akaingia, akaketi juu ya matofali, akamega mkate akanipa. Akaniambia, "Usimwandikie Mahlaqa. Mtu aliye ugenini lazima awe na pa kurudi."

Kilichosalia ni bakuli la shaba, lile la kumwagia wasafiri maji. Lilipondeka upande mmoja.

Tangu siku ile naishi vyumba viwili vya kupanga nyuma ya shule, juu ya duka la vigae. Mama alifia hapo, si chumba cha mbele kama nilivyokuandikia. Ndiyo maana barua zako zinakuja shuleni. Mwanzo nilikuwa nakudanganya kwa amri ya Mama. Mama alipokufa ningeweza kuacha. Sikuacha. Kila uliponiuliza habari za mkunazi, ilibidi niupandishe tena, niumwagilie, niuzalishe. Mwaka mmoja niliandika umepata wadudu, nikakaa wiki nzima na huzuni, haki ya Mungu, kama vile upo. Mimi mwenyewe sikuwa na mahali pengine pa kukaa ila humo ndani ya barua.

Hiyo moja. Ya pili ni mbaya zaidi.

Siku ile stesheni, Mama miguu haikumruhusu kufika. Alinipa bakuli nyumbani, maji na jani la mchungwa ndani yake, akasema, "Treni ikianza kwenda, mwaga nyuma yao, ili warudi." Nilitembea nalo njia nzima nikilizuia lisimwagike. Ukanibusu dirishani. Haji akapandisha kioo. Nami nikaona umekaa, umevaa koti zuri, unaondoka, na mimi nimesimama na bakuli kama mtumwa wa kila mtu. Nikakasirika, dada. Treni ikaondoka, nikainua bakuli, nikayanywa. Yote, na jani nikalitema.

Nilimwambia Mama nimeyamwaga. Kila mwaka aliniuliza, "Uliyamwaga vizuri?" na mimi nikamjibu, "Vizuri." Alikufa anakungoja kwa maji ambayo yalikuwa tumboni mwangu. Maji yakimwagika hayazoleki, watu husema. Na yasiyomwagwa je? Miaka kumi na tatu hukurudi, na mimi najua nani kakuzuia. Si Haji Qodrat.

Sasa unajua kwa nini sikutaka uje. Si kwamba sijakusamehe. Ni mimi naogopa.

Esmat


Tehran, 19 Esfand

Esmat, roho yangu, mjinga wangu,

Tiketi sikuirudisha. Jumamosi nilivaa, nikafika hadi mlangoni, magoti yakakataa. Magoti yangu yana akili kunishinda.

Nyumba najua.

Kaa chini tena. Najua tangu mwaka 1361, miaka kumi na moja sasa. Haji alikuja Ahvaz kufuata hati zake za kazi, hakuniambia kweli, alisema anakwenda Arak. Akapita mtaani. Aliporudi alikaa kwenye ngazi na viatu vyake, hakuingia. Akaniambia yote: ukuta, mlango, mbingu. Akaniambia na hili: "Dada yako sikumwendea. Ningemtazama vipi?" Ndiyo sababu alikuwa akigeukia ukutani, maskini. Alikuwa akiiona.

Wiki ileile ikaja barua yako: mkunazi umechanua, Mama ameketi ukingoni mwa hodhi anachambua mchele. Niliisoma nikapiga kelele. Nikataka kukuandikia, acha Esmat, najua. Nikashika kalamu, na kalamu ikaandika: je, kunazi za mwaka huu ni tamu? Ukanijibu kurasa tatu. Basi nikauliza tena. Ulipoandika habari za wale wadudu na mimi niliumwa wiki nzima, nikampigia kelele Haji bure. Barua zako zote ziko kwenye sanduku la bati chini ya kitanda. Nyumba yetu imo humo, na paa lake, na kioo chake. Mwezi uliopita niliuliza kioo kwa tamaa tu. Nilitaka uniandikie mara moja zaidi, kabla sijaja kuona pasipo na kitu. Uliponiomba nisije kabisa, nikadhani nyumba ni kisingizio tu, na mimi ndiye usiyenitaka.

Kwa hiyo tumedanganyana sote wawili, na aliyefanikiwa ni Mama.

Sasa hayo maji. Nisikilize vizuri, maana hili sijalisema kwa mtu. Nilipanda treni ile nikiwa na nia ya kurudi mwanzoni mwa Azar kumchukua Mama kwa nguvu. Nilikwenda stesheni hapa mara mbili. Treni zote zilikuwa za askari, sikupata nafasi hata ya kusimama. Ningeipata, ningelala wapi? Chumba cha buluu. Saa moja asubuhi ningekuwa wapi? Unanijua mimi na asubuhi. Nyinyi mngekwenda kwenye mkate, mimi ningekuwa nimejifunika shuka mpaka kichwani.

Ungeyamwaga ningerudi, Esmat. Mimi nashukuru ulikuwa na kiu.

Kwa Mama siwezi kukusemea. Nikija tutakwenda kaburini pamoja, utamwambia mwenyewe, na mimi nitakuwa nyuma yako nimekushika kiuno. Atakufokea kidogo, kisha atauliza kama nimekula.

Mimi nami nina langu la kumwambia. Siku ile dirishani sikugeuka nyuma. Wewe unasema ulikunywa maji, mimi hata sikukuona. Nilikuwa natazama mbele kwa sababu niliogopa nikikuona nitashuka.

Tiketi yako ya tarehe 27 irudishe wewe. Na hivyo vyumba viwili, vina nafasi ya godoro? Nataka la chini.

Dada yako,
Mahlaqa

Ukija kunipokea stesheni lete bakuli. Tupu. Nataka kuliona hilo bonyeo lake.


Ahvaz, 15 Farvardin 1373

Dada Mahlaqa,

Treni yako imeondoka saa sita na robo, na sasa hivi ni saa saba. Nimeketi kwenye benchi la stesheni naandika juu ya kifuniko cha daftari, kwa sababu nikirudi nyumbani nitalikuta godoro.

Najua uliniona safari hii, maana uliegemea nje dirishani kama mtoto, mpaka yule mama wa Dorud uliyekaa naye akakushika koti. Na uliona nilivyofanya. Bakuli moja sikuliamini. Nililimwaga lote, kisha nikakimbia bombani nikalijaza tena, nikamwaga tena, na mara ya tatu yakampata mkuu wa stesheni viatuni. Akaniuliza, "Mama, unamsafirisha mtu au unaosha stesheni?" Nikamwambia, "Dada yangu ananidai maji ya miaka kumi na tatu." Akavua kofia, akasema nimwage tu.

Yamekauka kabla behewa lako la mwisho halijapita taa ya ishara. Jua la kwetu. Mama alikuwa akisema yakikauka upesi, msafiri anarudi upesi. Sina hakika kama alisema kweli au ilikuwa ni kunyamazisha watoto, lakini mimi nimelishika.

Jana ulipolala mchana nilirudi peke yangu kule kiwanjani kwetu, siku hizi maegesho ya magari, pale tulipotandika mkeka tukanywa chai juu ya hodhi lisilokuwepo, na yule mlinzi wa magari akatuona wendawazimu. Ile michipuko uliyoiona nyuma ya ukuta, uliyobisha kwamba ni magugu. Nimekata tawi, nikalipeleka kwa mwalimu wa sayansi. Mkunazi, dada. Kisiki chetu. Kwa hiyo sikukudanganya, nilitangulia tu.

Mahandaki umepata mangapi? Ulikuja ukisema mia moja na ishirini na moja, lakini ulikuwa unamlisha mtu kababu wakati huohuo, kwa hiyo siikubali. Sasa unarudi mchana kweupe, huna kisingizio. Ukisinzia, sema umesinzia. Kudanganyana kumekwisha.

Mfuko wa kulia wa koti lako kuna tende. Usizile kabla ya Andimeshk, mahandaki yanapoanza.

Na jambo la mwisho, halafu nakwenda kuitia barua hii kwenye sanduku la posta, ikuwahi kabla hujafungua hata mizigo. Kabla ya kuketi hapa nilipita dirisha la tiketi. Nikamwambia yule kijana nataka ya mwezi wa Mehr, kutoka Tehran kuja Ahvaz. Akaniambia, mama, Mehr ni miezi sita, hata hazijaanza kuuzwa. Nikamwambia vizuri, mimi ni mwalimu, nimezoea kungoja watu wasiojua tarehe. Akacheka, akachukua daftari lake mwenyewe, akaandika jina lako juu kabisa, ukurasa mweupe.

Nikasimama pale mpaka akaongeza: kitanda cha chini, dirishani, upande wa mto.

Esmat